Tarehe Iliyokatwa: Kisa cha Mama wa Ahero na Picha ya Wiki ya 12

Kijitabu cha kliniki ambacho mama mmoja mjamzito aliniwekea mezani Jumatano ya tarehe 12 Juni 2024 kilikuwa kimevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kilikuwa kimepitia mafuriko ya Mto Nyando, kikaanikwa, kikakauka kwa mawimbi. Juu ya jalada bado mwandiko wangu ulisomeka: kujifungua 27/7/2024, picha ya wiki 12. Wino wa Bic ulikuwa umestahimili maji. Lakini mstari wa kalamu nyekundu ulikuwa umekata tarehe ile, na chini yake mkono mwingine umeandika 18/8/2024.

Wiki tatu mbele, kwa mstari mmoja.

Mimi ni mkunga. Nafanya kazi katika kituo kidogo cha afya upande wa Ahero, na baada ya mafunzo ya ziada ndiye ninayepiga picha za ultrasaundi Jumatatu na Jumatano, siku ambazo mashine yetu ya kubeba huwa kwetu. Mama mwenyewe ameniruhusu kusimulia, nami nimeondoa yanayoweza kumtambulisha. Ninaandika kwa sababu watu wengi, wakiwemo wenzangu kazini, wanadhani picha ya miezi mitatu ya kwanza ni ya kutafuta kasoro ya mtoto au kuridhisha hamu ya wazazi. Kwangu mimi kazi yake kubwa ni kutupa tarehe. Na tarehe ni kitu ambacho mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kukiharibu.

Turudi Januari

Alikuja Jumatatu tarehe 15 Januari, umri miaka 29, muuza mchele kando ya barabara. Hii ilikuwa mimba ya tatu. Mtoto wa kwanza yuko shule. Wa pili alizaliwa mwaka 2020, mimba ikiwa ya miezi saba hivi, baada ya presha kupanda ghafla, macho kuingia kiwi na kichwa kuuma kama kinapasuliwa. Mtoto huyo aliishi siku tatu.

Huku kwetu mimba changa haitangazwi. Inavaliwa leso pana mpaka ijitangaze yenyewe, kwa hiyo akina mama wengi hufika kliniki mwezi wa tano au wa sita. Huyu alikuja mapema kwa sababu ya yule wa 2020, na alikuja na mama mkwe, ambaye kabla sijamwaga jeli aliniuliza: "Sista, hiyo mashine haimchomi mtoto?" Nilimwambia ni sauti tu, sauti ya juu kupita masikio yetu, inakwenda na kurudi kama mwangwi, haina miale kama ile ya eksirei. Akaketi, lakini mkoba hakuuachilia.

Nikamuuliza mama siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hapa ndipo mambo yanapoharibika kwa wengi. Alikuwa akitumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, akaiacha, na tangu hapo damu ilikuwa ikija ikipendavyo. Alichokumbuka ni kwamba aliona damu wiki ile shule zilipofunguliwa muhula wa tatu. Hiyo ni 28 Agosti 2023. Kwa hesabu hiyo alikuwa na wiki 20 kamili siku ile, na angejifungua tarehe 3 Juni.

Mkono wangu ulikataa. Mimba ya wiki 20 unaipata karibu na kitovu. Hii nilikuwa naitafuta juu kidogo tu ya mfupa wa kinena.

Nilipoweka kichwa cha mashine, mtoto alikuwa mmoja, amelala chali, anarusha mguu. Nilisubiri atulie. Watu hudhani tunachelewa kwa sababu hatujui. Kwa kweli tunasubiri mtoto akae sawa, asikunje kidevu kifuani wala asijinyoshe kupita kiasi, kwa sababu kipimo kinachukuliwa kutoka utosini hadi matakoni kwa mstari ulionyooka, na mtoto aliyejikunja hupungua milimita kadhaa ambazo mwishowe hugeuka siku. Nilipima mara tatu: 57, 58, 58. Nikaandika milimita 58. Hiyo ni wiki 12 na siku 2.

Chati ya kugeuza milimita kuwa siku ilianzia Glasgow, ambako Hugh Robinson alionyesha mwaka 1973 kwamba urefu huo wa mtoto unatoa umri wa mimba kwa usahihi kuliko kumbukumbu ya mama. Sababu yake ni rahisi. Katika wiki hizo watoto wote hukua kwa mwendo karibu mmoja: mtoto wa tajiri na wa maskini, wa mama mrefu na wa mama mfupi. Tofauti za ukubwa huja baadaye, kondo la nyuma linapoanza kushindwa au kufaulu, chakula kinapotosha au kupungua, malaria inapoingia. Kwa hiyo ukipima mapema unapima muda. Ukipima mwezi wa nane unapima muda pamoja na kila kitu kilichompata mtoto tangu hapo, na huwezi kuvitenganisha.

Tofauti kati ya kumbukumbu yake na picha ilikuwa siku 54. Katika wiki ya 9 hadi ya 13, ikizidi siku 7, picha ndiyo inayofuatwa. Nikaandika 27 Julai.

Mengine niliyoyaangalia nitayapitia haraka. Fuvu lilikuwa zima na ubongo una pande zake mbili. Kasoro ya fuvu kutofunga huonekana wazi wakati huu. Tumbo limefunga, kibofu kipo, mikono miwili, miguu miwili. Maji ya nyuma ya shingo yalikuwa milimita 1.4. Kipimo hiki kilianza kutumika kwa upana baada ya kazi ya Kypros Nicolaides na wenzake London mwaka 1992, na hupimwa mtoto akiwa kati ya milimita 45 na 84. Kikifika 3.5 au zaidi, hofu ni ya kromosomu na pia ya moyo, na mama anastahili kupelekwa kwa mtaalamu. Huyu hakuwa na jambo. Mishipa ya damu ya mji wa mimba, ambayo ingenisaidia kukisia hatari ya presha, sikuweza kuipima, maana mashine yetu haina Dopla ya kutegemewa, yaani kipimo cha mwendo wa damu.

Lakini sikuhitaji Dopla kujua kwamba mama aliyepoteza mtoto kwa presha ana hatari. Nilihitaji kujua kama bado yuko ndani ya muda wa kusaidiwa. Aspirini ya dozi ndogo huanzishwa kabla ya wiki ya 16, wakati kondo bado linajenga mizizi yake. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 uliitwa ASPRE: wanawake wenye hatari kubwa walipewa miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14, wakaacha wiki ya 36. Presha ya mimba iliyolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki ya 37 ilitokea kwa asilimia 1.6 ya waliomeza aspirini, dhidi ya asilimia 4.3 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Kwa tarehe ya shule kufunguliwa, angehesabiwa ameshachelewa. Kwa milimita 58, alikuwa na wiki tatu na nusu za ziada. Nikamwandikia vidonge viwili vya 75 kila usiku. Dawa ya kukinga malaria, ambayo kwetu kandokando ya ziwa hutolewa kila mwezi kuanzia wiki ya 13, nilimwambia aifuate kliniki ijayo. Kwa hesabu ya wiki 20 ningempa papo hapo, mimba ikiwa bado changa mno. Alipewa neti, akapimwa damu na mkojo kama wote. Presha 128/82.

Kisha nikafanya jambo ambalo sasa nalijutia. Nilichapa picha, nikaikunja ndani ya kijitabu, nikamwambia, "Hii itunze." Sikumwambia kwa nini.

Maji

Februari alikuja, akameza dawa ya malaria mbele yetu. Tarehe 11 Machi nikampiga picha ya pili, ile ya kuangalia viungo. Kwa tarehe ya Januari alikuwa wiki 20 na siku 2; mashine ikasoma 20 na siku 4. Tarehe haikuguswa. Wapo wanaobadilisha kila mara mashine inaposema kitu kingine, kana kwamba mimba ni kesi inayosikilizwa upya kila mwezi. Aprili akaja tena, presha 118/74, mtoto anacheza.

Halafu mvua. Anayeijua nyanda ya Kano hahitaji kuelezwa. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, Nyando ilitoka kwenye kingo zake, na maji ya mto hayabishi hodi. Alihamia kwa shangazi yake mjini Kisumu na magunia mawili na watoto wa ndugu yake. Picha za ukuaji nilizompangia wiki ya 28 na ya 32 hazikufanyika. Aspirini ilibaki kwenye kabati lililolowa. Alikaa kama wiki tatu bila kidonge mpaka aliponunua vingine.

Ile picha ya Januari aliiokoa. Aliitoa kwenye kijitabu, akaona imelowa, akaianika karibu na jiko. Karatasi za printa ya ultrasaundi ni kama risiti ya supamaketi, zinachapwa kwa joto. Aliponionyesha baadaye ilikuwa nyeusi tititi, kipande cha usiku, na pembeni nusu ya tarakimu moja.

Nina miaka kadhaa kwenye kazi hii na sikuwahi kufikiria kwamba ushahidi wetu muhimu kuliko wote tunauchapa kwenye karatasi inayoogopa jiko.

Juni, picha ya tatu

Jumatatu tarehe 10 Juni shangazi yake alimpeleka kwenye kliniki moja ya binafsi mjini, kwa sababu tumbo lilionekana dogo. Shangazi hakusomea ukunga, lakini ndiye wa kwanza aliyeona. Walilipa, wakapigiwa picha, wakapewa ripoti iliyochapwa vizuri. Nayo ilisema: mtoto mmoja, ametanguliza kichwa, moyo unapiga, wiki 30 na siku 1, kujifungua 18 Agosti. Maoni: mimba inaendelea vizuri, tarehe ya awali haikuwa sahihi. Wakamtuliza shangazi kwamba tumbo ni dogo kwa sababu mimba ni changa kuliko alivyodhani. Kalamu nyekundu ikapita.

Sitaji jina la kliniki hiyo, na sidhani aliyepiga alifanya uzembe. Alikuwa na mashine, mama, na jalada lenye tarehe isiyo na ushahidi wowote nyuma yake. Isitoshe, ipo kanuni ya chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani inayotumiwa sana: kuanzia wiki ya 28, tofauti ikizidi siku 21, fuata picha. Hapa tofauti ilikuwa siku 22. Mtu akiisoma kanuni kwa haraka atasema amefanya sawasawa. Lakini kanuni hiyo inalinganisha picha na hedhi. Tarehe ikishawekwa na picha ya mapema, picha ya baadaye haina mamlaka ya kuihamisha. Ikitofautiana nayo, hiyo tofauti ndiyo habari. Na hata kwa mama asiye na picha ya mapema, kanuni yenyewe inaonya: kabla ya kusogeza tarehe mbele mwezi wa nane, jiulize kama mtoto amedumaa.

Alipokuja kwangu Jumatano hiyo ya tarehe 12, nilimweka kwenye kiti nikafungua ripoti ndani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na wastani. Wa pili ulikuwa na vipimo, na hapo ndipo moyo wangu ulishtuka. Kichwa kilisoma wiki 32. Mfupa wa paja wiki 30. Tumbo la mtoto wiki 28.

Mtoto mdogo wa tarehe changa huwa mdogo kote. Kichwa, paja na tumbo hutembea pamoja kama ng'ombe wa jembe moja. Lakini mtoto anayenyimwa na kondo hugawa kwa busara ya kutisha: damu nzuri huipeleka kwenye ubongo, na ini ndilo linalolala njaa. Ini likikonda, tumbo linapungua. Ukichukua kichwa kinacholindwa na tumbo lenye njaa ukatafuta wastani, unapata namba tulivu ya katikati, wiki 30 na siku 1, ambayo si ya kichwa wala ya tumbo. Uzito waliokadiria ulikuwa gramu 1,430. Kwa wiki 30 huo ni mwepesi kidogo tu, hakuna wa kushtuka. Kwa wiki 33 uko chini ya mstari wa mwisho kabisa wa chati.

Nikachukua utepe. Kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba: sentimita 28. Presha 136/88. Mkojo, alama hafifu ya protini, dalili nyingine ya presha ya mimba.

Angalia namba hizo bila tarehe. Presha haijafika 140/90. Protini ni ya kutilia shaka tu. Mtoto anacheza. Ukiamini kalamu nyekundu, huyu ni mama wa wiki 30 mwenye sentimita 28, ndani ya uvumilivu wa sentimita mbili. Unampa dawa zake na kumwambia arudi baada ya wiki nne. Ukiamini hedhi ya Agosti, ana wiki 41 na siku 2, amepitiliza, na kuna mahali angeanzishiwa uchungu siku hiyo hiyo. Ukiamini Januari, ana wiki 33 na siku 4, mtoto wake amedumaa na presha inaanza kupanda ngazi. Mwanamke mmoja, kiti kimoja, mimba tatu.

Nilifungua rejista. Mstari wa tarehe 15 Januari ulikuwepo, mwandiko wangu wa haraka, 58. Nikaupiga picha kwa simu. Nikamwambia, "Mama, mtoto ni mdogo kuliko anavyopaswa. Tunakwenda rufaa leo."

Akaniuliza swali la haki kabisa: "Sista, juzi wameniambia ni mzima, ila ni mchanga. Nimwamini nani?"

Sikuwa na jibu la mkato. Nilimchorea kwenye kipande cha karatasi: mche wa mahindi wiki ya pili, yote inalingana shambani, unaweza kusema ilipandwa lini. Miezi mitatu baadaye, mmoja umefika kiunoni na mwingine gotini. Je, huu mfupi ulipandwa baadaye, au umekosa mbolea? Ukiwa uliuona wiki ya pili, unajua. Akatazama mchoro. Akasema, "Huu umekosa mbolea," akainuka kutafuta leso yake.

Rufaa

Kutoka kwetu hadi hospitali ya rufaa mjini Kisumu ni zaidi ya kilomita 20. Kwenye barua ya rufaa niliandika tarehe ya Januari, kipimo, na chini yake nikapiga mstari mara mbili: ripoti ya Juni isitumike kwa umri wa mimba. Wenzangu wanasema naandika barua kama wakili.

Walimpima Dopla jioni hiyo. Upinzani kwenye mshipa wa kitovu ulikuwa umepanda, lakini damu bado ilikuwa ikienda mbele kati ya mapigo. Haikuwa imesimama wala kurudi nyuma. Maana yake kondo linachoka, halijakufa. Wakamlaza. Wakaanza sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, nne, kila baada ya saa 12. Kwa kawaida hutolewa kabla ya wiki ya 34 kutimia. Alizimaliza Ijumaa asubuhi. Jumamosi alitimiza wiki 34.

Siku kumi zilizofuata sikuwa na la kufanya isipokuwa kupiga simu. Presha ilipanda polepole, ikatulizwa kwa vidonge, ikapanda tena.

Usiku wa tarehe 24 Juni daktari wa zamu alinipigia. Presha 162/108, protini alama mbili, kichwa kinauma. Alikuwa na kijitabu mkononi chenye tarehe mbili. Hakunisalimu. "Sista, una uhakika na ile Januari?"

Swali lake halikuwa la urasimu. Presha kali ya namna hiyo ikitokea baada ya wiki ya 34, mtoto anatolewa. Kabla ya 34, mama akiwa ametulia, timu hujaribu kununua siku, wakimwangalia kwa saa. Kwa kalamu nyekundu alikuwa wiki 32 na siku 1. Kwa Januari alikuwa 35 na siku 2. Yaani mstari wa uamuzi ulipita katikati ya tarehe mbili zilizoandikwa kwenye jalada moja. Kusubiri kwa mtoto aliyedumaa, tumboni mwa mama mwenye presha hiyo, ni kucheza na kifo cha wawili.

Nilimtumia ile picha ya rejista. Nikamsomea: milimita 58, vipimo vitatu, Machi ikakubaliana kwa tofauti ya siku mbili. Kimya kidogo. "Sawa. Tunaingia."

Walimpa magnesiamu kuzuia kifafa, wakampasua. Mtoto wa kike, gramu 1,640. Alilia mwenyewe. Daktari wa watoto, ambaye hakuwa amehusishwa na ubishi wetu wa tarehe, alimkagua: mistari ya nyayo ilikuwa imevuka nusu ya unyayo, sikio likikunjwa linarudi lenyewe. Akaandika wiki 35 hivi. Alihitaji oksijeni kidogo siku ya kwanza, kisha akawekwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, mtindo wa kangaruu, amefungwa kwa leso ile ile iliyokuwa ikificha mimba. Kondo lilikuwa dogo, na upande mmoja lina mabaka magumu, meupe, kama ugali ulioganda.

Mambo ambayo sijaridhika nayo

Je, aspirini ilimsaidia? Mwaka 2020 presha ilimvamia mwezi wa saba. Safari hii ilifika wiki ya 35, hata baada ya kukosa vidonge wiki tatu. Ningependa kusema ndiyo. Lakini mama mmoja hathibitishi dawa, na mimba inayofuata baada ya presha huwa mara nyingi nafuu hata bila kitu. Nasema tu kwamba bila tarehe hata nafasi ya kujaribu isingekuwepo.

Lawama kubwa naiweka kwangu. Nilimpa mama namba bila kumpa maana yake, na ndiyo maana kalamu nyekundu ilipokuja hakuwa na la kusema. Kama Januari ningemwambia, "Tarehe hii haibadilishwi na picha nyingine yoyote, wakisema mtoto ni mchanga kuliko hivi, njoo kwangu siku hiyo hiyo," angepigania jalada lake. Wauza mchele wa Ahero wanajua kupigania kipimo.

La pili ni upatikanaji. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apigwe picha moja kabla ya wiki ya 24. Ni pendekezo zuri, na kwa vituo vingi vya mashambani bado ni kubwa. Lakini "kabla ya 24" inaachia nafasi pana. Picha ya wiki ya 22 itakupa tarehe inayoweza kukosea kwa wiki moja na nusu hivi. Itaona viungo vizuri. Na aspirini itakuwa imepitwa. Kama mama ana uwezo wa picha moja tu, na ana historia kama ya huyu, mimi ningemshauri aje kati ya wiki ya 11 na 13, ingawa najua wapo wenzangu watakaobisha kwamba kasoro nyingi za moyo na mgongo zinaonekana vizuri zaidi baadaye. Wanabisha kwa haki. Mama mwenye shilingi za picha moja analazimika kuchagua kati ya maswali mawili, na si kosa lake.

Siku hizi kwetu tunafanya hivi: kipimo cha mapema kinaandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya kawaida, jaladani na ndani ya kijitabu, pamoja na milimita zenyewe ili atakayekuja aone chanzo. Mama anapiga picha ukurasa huo kwa simu yake au ya mumewe. Tumechonga mhuri wa mpira kwa fundi wa mjini: TAREHE YA PICHA YA KWANZA, ISIBADILISHWE. Fundi aliuliza kama ni wa benki.

Jumatatu tarehe 5 Agosti alikuja kwa chanjo ya wiki sita. Mtoto alikuwa gramu 2,650, mashavu yameanza kujaa. Kwa ile kalamu nyekundu zilikuwa zimebaki siku 13 azaliwe. Alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, ambaye safari hii aliuliza kama sindano inachoma.